Darasa moja, lugha nne: jinsi ya kumsaidia mwalimu alete lugha na mila za watoto shuleni kila siku (mwongozo kamili)

Huku kwetu ukanda wa Babati, Hanang na Mbulu ukiingia darasa la kwanza asubuhi unaweza kukuta mtoto wa Kiiraqw, wa Kirangi, wa Kidatoga na wa Kisukuma ambaye wazazi wake wamehamia na ng'ombe, wote kwenye dawati moja, alafu ukienda mbele kidogo kuelekea Ziwa Eyasi unakutana na Wahadzabe. Ni Kikushi, Kibantu, Kinailoti na lugha za vidoko (zile sauti za kugonga ulimi), zote sehemu moja, na sehemu za hivi Afrika ni chache sana. Na mbele ya hao watoto kuna mwalimu mmoja, mara nyingi ametoka mkoa mwingine kabisa, ana watoto sabini na kitu, ana kitabu cha Kiswahili na chaki. Huyo ndo naandika kwa ajili yake, ila maneno yenyewe nayaelekeza kwa mwalimu mkuu, mwalimu wa taaluma na afisa elimu kata, kwa sababu mwalimu peke yake hawezi, anahitaji mtu nyuma yake.

Na niseme mapema, hapa hatuzungumzii kuacha Kiswahili. Kiswahili ndo lugha ya kufundishia shule zetu za msingi za serikali na watoto wanakihitaji sana, mimi mwenyewe nisingekuwa mwalimu bila hicho. Ninachosema ni kwamba lugha aliyokuja nayo mtoto ndo ngazi ya kupandia kwenda kwenye Kiswahili, na ukiikata hiyo ngazi mtoto anabaki chini akikuangalia tu.

Hatua ya kwanza: mtoe mwalimu hofu

Anza hapa kabla ya kitu kingine chochote, usije ukaanza na mabango. Walimu wengi wanajua kabisa kwamba neno moja la kilugha lingemsaidia mtoto aelewe, ila wanaogopa, wanaogopa mthibiti ubora (yule mkaguzi wa shule) atakuta wanaongea kilugha darasani, wanaogopa mwalimu mkuu, na wengine walilelewa hivohivo. Mimi nilivyoanza kazi nilikuta shule ina kibao cha mbao chenye kamba ya katani, ukikutwa unaongea kilugha unavaa mpaka umkamate mwenzako umvalishe. Na mimi nilikuwa namkabidhi mtoto kile kibao asubuhi. Kuna binti alikaa nacho siku tatu, nikadhani ni mkaidi, kumbe alikuwa hataki kumchongea mdogo wake ambaye hajui neno la Kiswahili hata moja. Siku ya nne hakuja shule. Hilo sijalisahau.

Kwa hiyo mwalimu mkuu, itisha kikao, kibao kama kipo kitolewe, na bango la ukutani la kukataza kilugha lishuke siku hiyohiyo. Waambie walimu wazi kwamba Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 inataka watu waendelee kutumia lugha zao za asili na kujivunia, hakuna aibu hapo. Kubalianeni kitu kimoja kinachoeleweka, mfano: somo linaendeshwa kwa Kiswahili, lugha ya nyumbani inatumika kufafanua, kusalimiana, kusimulia na kumtuliza mtoto, na hakuna adhabu wala kudhihakiwa kwa sababu ya lugha. Liandikwe kwenye muhtasari wa kikao na mwalimu mkuu asaini. Mthibiti ubora akija mwalimu ana karatasi ya kuonyesha, hajisimamii mwenyewe. Na ni vizuri zaidi afisa elimu kata akawaeleza wathibiti mapema kuliko wakakuta tu.

Alafu mfundishe mwalimu kuandika hicho kitu kwenye andalio la somo. Kwenye shughuli za mwanafunzi aandike "wanafunzi wanataja majina ya wanyama kwa lugha za nyumbani kisha kwa Kiswahili". Ikishakuwa kwenye andalio ni mbinu ya kufundishia, sio mwalimu kateleza.

Hatua ya pili: jueni watoto wanaongea nini, na ulizeni vizuri

Hii ifanyike Januari wakati wa kuandikisha awali na la kwanza, inachukua dakika tatu kwa mtoto. Usiulize kabila. Kabila halikuambii kitu, kuna mtoto wa Kiiraqw kakulia Babati mjini anaongea Kiswahili tu, na kuna mtoto baba ni Mrangi mama ni Mgorowa analelewa na bibi, anaongea lugha ya bibi. Kwanza ukiuliza kabila mzazi anajiuliza unataka kufanyia nini. Uliza hivi:

- Nyumbani mtoto anaongea lugha gani na mama, na bibi, na wenzake machungani?
- Kiswahili anakisikia wapi? (redioni, mnadani, kanisani, msikitini, hasikii kabisa)
- Ukimwambia kwa Kiswahili "lete maji" anaelewa?
- Jina analoitwa nyumbani ni lipi na linatamkwaje?

Hilo swali la mwisho wengi wanaliruka, wasiliruke. Mtoto anaitwa jina moja nyumbani miaka sita, anafika shule anaitwa jina la cheti ambalo hajawahi kulisikia, mwalimu anaita mahudhurio mtoto kanyamaza, anaandikiwa hayupo na yupo mbele yake.

Na majina ya watu wenyewe yawe sahihi. Wadatoga watu wengi wanawaita Wamang'ati, lakini hilo neno limetoka kwa Wamaasai na maana yake ni adui, sasa fikiria mtoto anaitwa adui darasani na mwalimu wake. Wairaqw wanaitwa Wambulu, Wahadzabe wanaitwa Watindiga. Muulize mzazi wao wanajiitaje, andika hivohivo. Karatasi hizi zikae kwa mwalimu wa darasa, zisiwe kitu cha kusomwa mstarini.

Hatua ya tatu: mpatie mwalimu mtu wa kumsaidia

Mwalimu hatajifunza lugha nne, na usimdai hilo. Anachohitaji ni mtu wa kumuuliza "hii wanaitaje". Kwenye shule yenyewe watu wapo: mlinzi, mpishi wa uji, mwalimu wa kujitolea aliyezaliwa kijiji hicho, mama mmoja wa kamati ya shule, na wanafunzi wa la tano na la sita. Tengeneza orodha ya majina kwa kila lugha, bandika ofisini.

Kwa wanafunzi wakubwa kuwa makini. Mtoto wa la tano asitolewe darasani kila saa kwenda kutafsiri la kwanza, naye ana masomo yake. Sisi tuliwapa dakika za asubuhi kabla ya mstari na wakati wa uji, wawili kwa kila lugha, kwa zamu ya wiki. Na mwalimu aulize maneno machache yaliyopangwa, kumi kwa wiki yanatosha: kaa, simama, sikiliza, unaumwa?, umeelewa?, chooni, usiogope. Ayaandike kwa herufi anavyoyasikia kwenye daftari lake. Hilo daftari nitalirudia.

Vikao vya MEWAKA (mafunzo endelevu ya walimu kazini) ndo pa kufanyia hii kazi kwa sababu tayari vipo kwenye ratiba, hamna haja ya kuongeza mkutano mwingine wakati walimu wamechoka. Kikao kimoja kwa mwezi kiwe cha lugha, mwalimu mmoja alete kosa moja la mtoto aliloshindwa kulielewa, wengine wanaojua lugha hiyo wamweleze limetokea wapi.

Hatua ya nne: dakika kumi za kila siku

Hapa ndo penye kazi yenyewe, na hapa nitakaa kidogo.

Asubuhi mwalimu akiingia kuna salamu. Kila siku lugha moja. Jumatatu Kiswahili, Jumanne Kiiraqw, watoto wa Kiiraqw wanasimama wanasema "saita" darasa linaitikia, Jumatano watoto wa Kisukuma na "mwangaluka" yao, hivohivo mpaka lugha zote zimepita. Kama kuna mtoto wa Kimaasai mwachie ainamishe kichwa mwalimu amguse utosini kama anavofanyiwa na wazee nyumbani, usimlazimishe kusimama kijeshi na kupaza sauti, kwake yeye hiyo ya kuinamisha kichwa ndo heshima. Inachukua dakika mbili. Mtoto ambaye hajafungua mdomo wiki nzima, siku ya lugha yake anafungua.

Baada ya salamu, kuhesabu. Nilikuwa na kijana mmoja anakaa dawati la nyuma, Januari mpaka Machi hajasema kitu, kwenye daftari la maendeleo nikaandika hajui kuhesabu. Siku moja nje tukiwa na kokoto dada yake wa la tano akapita, akamwambia kitu kwa Kiiraqw. Kijana akachuchumaa akaanza kusogeza kokoto mojamoja kwa kidole: wak, tsar, tam, tsiyahh, koo'an, anaendelea tu, anazipanga tanotano kama anavyopanga ndama jioni, akafika 23 hakukosea hata moja. Nilikuwa nimeshika kalamu nyekundu mkononi. Mtoto alikuwa anajua hesabu kuliko nusu ya darasa, alichokuwa hajui ni majina ya namba kwa Kiswahili, na majina nilimfundisha kwa wiki mbili. Kwa hiyo mwambie mwalimu, kabla hajaandika hajui, ampime kwanza kwa lugha ya nyumbani. Ni kokoto na mtafsiri mmoja, basi.

Alafu kuna ukuta wa maneno. Chukua manila, piga mistari, Kiswahili kushoto kwa maka peni nyeusi, lugha nyingine kila moja na rangi yake. Weka mchoro. Maji, Kiiraqw wataandika ma'ay, Kisukuma minzi. Ng'ombe, Kiiraqw slee. Mbuzi, Kisukuma mbuli. Nyumba, Kisukuma numba. Waache watoto wenyewe waone: mtoto wa Kisukuma anagundua kumbe mbuzi na mbuli ni ndugu, nyumba na numba ni ndugu, anafurahi maana nusu ya Kiswahili tayari anayo nyumbani. Maneno matano kwa wiki, sio hamsini siku moja.

Na hapa mwalimu anahitaji kuelezwa kitu kimoja cha sarufi ambacho kitampunguzia hasira. Watoto wa Kisukuma, Kirangi na Kinyaturu lugha zao ni za Kibantu, zina ngeli kama Kiswahili, Msukuma anasema munhu wakiwa wengi anasema banhu, kwa hiyo mtu na watu kwake ni kitu cha kawaida. Mtoto wa Kiiraqw hana hizo ngeli kabisa, kwao majina yana jinsia, ya kiume, ya kike na isiyo ya kiume wala ya kike. Akisema "kitabu yangu" sio mvivu, anajenga kitu ambacho lugha yake haina. Huyo mpe mazoezi mengi ya mdomo, kitabu changu, kiti changu, kisu changu, ya kuimba na kupiga makofi, kabla hujamdai aandike. Ukiwapa wote zoezi moja na fimbo moja utakuwa hujamsaidia hata mmoja.

Hatua ya tano: lafudhi sio kosa, na kicheko kina mipaka

Kisukuma hakina r, kwa hiyo mtoto atasema "kula" hata pale alipotaka "kura", na Mkurya atafanya kinyume chake. Mwalimu amrekebishe kwenye kuandika, taratibu, maana kwenye maandishi kura na kula ni vitu viwili. Kwenye kuongea akieleweka mwachie amalize sentensi yake kwanza. Mtoto akikatwa kila neno ataacha kuongea.

Kuna walimu wataniambia utani wa makabila ni mila yetu. Kweli, Mpare na Mchaga wakikutana msibani wataongeana maneno mpaka ucheke, lakini wale ni watu wazima wawili waliolingana na kila mmoja ana lake la kujibu. Mtoto mmoja wa Kihadzabe katikati ya watoto sitini wanaoiga vidoko vyake hana wa kumjibia. Huo sio utani. Mwalimu asimamishe papo hapo, na dawa niliyoona inafanya kazi ni kumgeuza huyo mtoto mwalimu kwa dakika tano, afundishe darasa kutoa hizo sauti. Wote wanashindwa. Ndimi zinagongana midomoni, na yeye anawarekebisha mmojammoja. Wiki hiyo mapumziko anakuwa na wenzake wa kucheza nao. Ila kwanza muulize faragha kama yupo tayari, akikataa acha.

Hatua ya sita: mila isiwe ngoma ya wageni peke yake

Shule nyingi ukisema utamaduni wanatoa ngoma, mgeni rasmi akija watoto wanavalishwa, wanaruka, wanapiga picha, imeisha mpaka mwaka kesho. Ngoma ni nzuri na sizikatai, lakini kilichomo kwenye maisha ya mtoto kila siku ni kingine: anajua kusoma nyayo, anajua mti gani unatibu tumbo la ndama, anajua asali ipo kwa kumfuata ndege, anajua bao, anajua vitendawili. Hivi vinaingia kwenye masomo moja kwa moja. Somo la sayansi la mimea, waambie walete majani mawili kila mmoja na jina la nyumbani na kazi yake. Hesabu za vipimo, waulize nyumbani wanapimaje maziwa, kwa kibuyu cha namna gani, alafu mlinganishe na lita.

Na hadithi. Mwalikeni bibi au babu mara moja kwa wiki mbili. Fanyeni hivi: mwalimu amfuate nyumbani mwenyewe, amwambie "shikamoo bibi, tunaomba utusimulie watoto hadithi mnayosimuliana jioni", asimtumie mtoto na barua. Siku ya siku bibi apewe kiti kivulini, asimulie kwa lugha yake bila kukatizwa. Watoto wanaoijua wanacheka mahali pa kucheka, wengine wanaangalia mikono yake. Akimaliza, wale wanaojua wanasimulia upya kwa Kiswahili, kila mmoja kipande, wenzao wanauliza maswali. Mwalimu anaandika ubaoni sentensi tano kama walivyosema wao. Hizo tano ndo somo la kusoma la siku hiyo, na nakuhakikishia watoto watazisoma maana wanajua fisi alifanya nini. Bibi apewe chai na aagwe vizuri, usimwache aondoke peke yake kama mtu aliyekuja kufuata ripoti.

Hadithi nyingine zina mambo ya kikubwa au za kusema vibaya kabila la jirani, hilo mwalimu aongee na bibi kabla.

Hatua ya saba: tengenezeni vitabu vyenu

Vitabu vya lugha hizi shuleni hamna, vitengenezeni. Karatasi nne zikunjwe katikati zishonwe kwa uzi na sindano ya gunia, zinatoa kurasa 16. Juu mchoro wa mtoto, chini sentensi ya Kiswahili, chini yake ya lugha ya nyumbani. Kiiraqw kina sauti ambazo Kiswahili hakina, utaona wanaandika sl, tl, hh, q, hata mkwaju "/" katikati ya neno, usishangae, waliozoea kusoma vitabu vya Kiiraqw kanisani watakusaidia tahajia. Lugha ambayo hamna anayejua kuiandika, weka mchoro na Kiswahili, na ile nyingine mtoto aiseme kwa mdomo. Vikae kona ya kusomea kwenye kamba kwa vibanio vya nguo, viguswe, vichakae.

Kama mna mtoto kiziwi, naye ana lugha, Lugha ya Alama ya Tanzania. Alama za salamu na za namba ziingie kwenye zile dakika kumi kama lugha nyingine, darasa zima lijifunze, asibaki yeye na mwalimu tu.

Hatua ya nane: wazazi

Tegemeeni mzazi atakuja amekasirika. "Mimi nimemleta ajue Kiswahili, kilugha anakijua nyumbani." Ana haki ya kuuliza, amehangaika na umaskini na anajua bila Kiswahili mwanae hatapata kazi. Msibishane naye kwa maneno ya sera. Mpelekeni darasani, mtoto wake amsomee kile kitabu, mstari wa Kiswahili kwanza. Baba mmoja alikuja hivo, mwanae akamsomea ukurasa wa ndama, baba hajui kusoma, akaomba arudie ule mstari wa Kidatoga mara ya pili. Akaondoka bila kusema kitu, wiki iliyofuata akaleta mbao za rafu.

Na angalieni kalenda yao. Wafugaji wanahama kiangazi, Wahadzabe wana msimu wa asali, ukimwandikia mtoto mtoro akirudi anarudi na aibu. Mwalimu ampe kitabu kimoja cha kuondoka nacho na akirudi aanze kwa kusimulia alikokuwa.

Siku maalumu zipo mbili, 21 Februari ya lugha mama na 7 Julai ya Kiswahili. Hiyo ya Julai ni Sabasaba watoto wapo nyumbani, ifanyeni mapema, isizidi nusu siku.

Hatua ya tisa: kufuatilia, na lile daftari

Msipime kwa mtihani tu. Mwalimu wa taaluma akae nyuma ya darasa dakika 20 mara moja kwa mwezi, na asiandike kosa la mwalimu, ahesabu tu: watoto wangapi wamefungua mdomo leo, nani hajaongea, nani ameuliza swali mwenyewe. Mwezi wa tatu alinganishe na wa kwanza. Wale ambao bado wamekaa kimya ndo wapangiwe msaidizi wao mapema, na wengine utakuta shida sio lugha, ni masikio au njaa.

Na daftari la maneno. Mwalimu akihamishwa anaondoka nalo, anayekuja anaanza sifuri, nimeona hilo mara nyingi mno. Kwa hiyo liwe mali ya darasa: jalada gumu, ukurasa mmoja kwa kila lugha, maneno, majina ya wasaidizi, hadithi zilizosimuliwa na nani, makosa ya Kiswahili yanayojirudia na yametokea wapi. Likabidhiwe kwa maandishi pamoja na shajara na azimio la kazi, nakala ibaki kwa mwalimu wa taaluma. Desemba kabla ya kufunga shule kaeni saa moja, mwalimu anayetoka na anayepokea, mlipitie ukurasa kwa ukurasa na kutamka maneno yote kwa sauti, ili Januari mtoto mpya akisimama mlangoni ameshika kanga ya mama yake, mwalimu awe na neno moja la kumwambia ambalo analijua.